Finjani Niliyoinywa Kabla ya Kuomba

Mwanangu Raiyya,

Umekwenda kuaga kwa shangazi zako, na najua hutarudi kabla ya Magharibi, maana kila nyumba utakayoingia watakulazimisha kula. Kwa hivyo nimepata nafasi. Sanduku lako liko hapa mlangoni. Nimelifunga mara mbili na kulifungua mara mbili, na sasa nimelikalia kwa sababu zipu imekataa. Habari za gesi, za funguo, za pasi, na za wale wenzako wawili mtakaopanga nao nyumba huko Nizwa nimeshakwambia mpaka ukanijibu, "Mama, khalas." Basi khalas. Hayo hayamo humu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na neno usilolijua uniulize mimi. Kiarabu nacho naandika, miaka yote hii nimejifunza, lakini nikiandika Kiarabu huwa mpole kupita kiasi, naomba radhi kabla sijasema. Leo nataka kusema kwanza.

Jambo lenyewe ni lile la Ijumaa. Tulikuwa tunakula, Mjomba wako Seif amekaa pale pake, mfupa wa nyama mkononi, akakwambia: "Raiyya, we nenda Nizwa kafanye kazi, uzowee maofisi, watu wakujue. Umri ukifika, kile kiti cha mama yako mimi nitakushikia. We niachie mie sabla na wazee wake, wallahi nitakusemea." Wewe ukacheka, ukamwambia, "Inshallah, Mjomba," na uso wako ukanawiri. Mimi nikainuka kwenda kuleta maji, na jagi lilikuwa limejaa.

Kesho asubuhi ni yeye anayekuja kukuchukua kukupeleka Nizwa. Kabla hujaingia kwenye gari yake nataka ujue kiti cha mama yako kiliondokaje.

Hadithi unayoijua ni hii: mama alikuwa mwanamke wa kwanza wa wilaya yetu kuchaguliwa kuingia katika baraza la manispaa la mkoa, akakaa kipindi kimoja, presha ikampanda, akamwachia kiti mdogo wake. Uliiandika hata shuleni. Mwalimu akaibandika ukutani, ukarudi nyumbani mbio kuniambia, nami nikakukatia kipande kikubwa cha halwa. Hadithi hiyo ni ya uongo, Raiyya. Tuliitunga watu wawili, na mmoja wao ni mimi.

Nianze mbali kidogo. Tulipofika hapa kutoka Unguja mimi nilikuwa na miaka tisa na Seif ana sita. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusoma juzuu tu, hata kununua mkate nilikuwa siwezi. Seif alichukuliwa na wanaume. Kila jioni alikuwa sablani, kwenye baraza la wanaume wa ukoo, anapokea viatu, anamimina kahawa, anasikiliza wazee wakigombana na wakipatana. Mimi nilibaki jikoni na bibi yako, na jikoni kwetu kulikuwa ni Unguja vilevile: Kiswahili, mbuzi ya nazi, na adabu za kule. Haikutupitia akilini kwamba ndugu wawili wa tumbo moja tulikuwa tunakulia katika nchi mbili. Nilisoma, nikawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, Kiarabu changu kikanyooka. Lakini mambo ya sablani niliyajua kwa kusimuliwa na Seif. Alikuwa akirudi ananihadithia huku anakula, na mimi nacheka.

Ndiyo maana uchaguzi ulipokuja na mimi nikataka kusimama, nilimwona yeye kwanza. Hapa kwetu kila mtu anapiga kura yake, lakini jina hupikwa sablani kabla ya siku ile. Ukoo hutoa jina moja ili kura zisigawanyike, na jina lisilotoka sablani haliendi popote. Nilimwambia Seif, "Nisemee." Akasema, "Dada, we tulia. Hili niachie mie."

Na alinisemea vizuri, sitamdhulumu. Lakini alichokisema nimekuja kukijua baadaye. Matawi mawili ya ukoo yalikuwa hayapikiki chungu kimoja, kila moja halitaki mtu wa lile jingine, na Seif akawaambia: mwekeni dada yangu, mwanamke hatakuwa wa upande wa mtu, na baada ya miaka minne mtakuwa mmeshapatana. Wazee wakaona sawa. Mimi nikadhani nimechaguliwa kwa elimu yangu na ulimi wangu. Nilitembea mwezi mzima kichwa juu, hata abaya nilishona mpya tatu. Marehemu baba yako angekuwa hai angenicheka, maana yeye alikuwa ananijua ninavyovimba nikisifiwa.

Habari za baraza lenyewe, ulikuwa ukiniona nikirudi nimechoka, ukiwa darasa la nne, la tano, lakini sikukuhadithia mengi. Siku ya kwanza nilipewa kiti cha mwisho karibu na mlango. Nilipoomba kusema, nilisema habari ya vyoo. Wanawake wetu wanaouza sokoni, wale wenye kanga, udi, wanja na mikoba ya ukindu, wanakaa kutoka alfajiri mpaka Adhuhuri na hawana pa kwenda haja, kwa hivyo hawanywi maji, kwa joto hili. Wajumbe walitazama makaratasi yao. Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Tangu siku hiyo wakawa wananiita Mama Vyoo, na nikiingia mtu anamwambia mwenzake funga mlango, harufu. Nilirudi na jambo hilohilo kila kikao, mpaka wakachoka wao kabla yangu. Vyoo vilijengwa, na maji ya kunywa pembeni yake, na paa la kivuli. Mpaka leo nikipita huangalia kama bomba linatoka.

Aliyenipa hoja hiyo ni Zuwena. Wewe unamjua kwa jina tu, kama mtu aliyekuwa akija zamani akaacha kuja. Zuwena anauza nguo za watoto pale sokoni. Watu wake walitoka Bujumbura, na sisi tuliotoka Unguja, Mungu atusamehe, tulikuwa tukimcheka Kiswahili chake, eti cha bara. Lakini nilipokuwa sina mtu, yeye ndiye aliyeingia nyumba kwa nyumba. Mumewe alimkataza. Wenzake walimwambia, "Nyie mliokuja juzi mnajitia nini kwenye mambo ya makabila ya watu?" Akawajibu kwamba yeye haombei kabila, anaomba choo. Kampeni yangu yote ilikuwa ni mwanamke huyo na daftari lake la shule alilokuwa akiandika nani kaahidi na nani kaguna.

Sasa nakuja kwenye kahawa.

Kipindi changu kilipokaribia kwisha nilitaka cha pili. Nilikuwa nimeshajua kazi, na palikuwa na jambo la kivuko cha wadi, lile korongo ambalo mvua ikinyesha maji hukata njia na wasichana wanabaki ng'ambo, hawafiki skuli. Nilikuwa nimekifikisha karibu. Seif akasema itabidi twende kwa Sheikh Hilal, mkubwa wa ukoo, nimwombe mwenyewe kwa mdomo wangu, maana safari hii wazee wanataka kunisikia. Nilifurahi. Niliona nimekua, nitasema mwenyewe.

Tulikwenda siku ya Jumamosi baada ya Alasiri. Tulikaa chumba cha wageni, Sheikh Hilal, wazee wawili, mimi na Seif ubavuni kwangu. Ikaletwa halwa, kisha mzee mwenyewe akashika dele, akamimina kahawa, akaninyooshea finjani. Mimi bibi yako amenilea kwamba ukipewa kitu na mkubwa unapokea kwa mkono wa kulia na unakitumia mbele yake, kukiacha ni kiburi. Nikapokea, nikanywa. Akaniongeza, nikanywa. Nikaitikisa finjani kuonyesha nimetosheka, nikajitengeneza, nikaanza kusema yale niliyokuwa nimeyaandika na kuyahifadhi.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mungu akusaidie, binti yangu. Nyumba ni yako, karibu wakati wowote." Akauliza hali ya bibi yako. Wale wazee wawili wakaanza kuzungumza bei ya tende.

Kwa watu wa huku, Raiyya, mwenye haja hanywi kahawa. Anaipokea, anaiweka chini mbele yake, haigusi. Mwenyeji akiona hivyo anajua pana neno, na hana pa kukimbilia: lazima aulize, lazima ajibu, na akikubali husema, "Kunywa kahawa yako, haja yako imepita." Neno hilo halirudi nyuma. Lakini ukishakunywa, umekuja kutembea, na maneno yako ni mazungumzo ya mgeni. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu na mjumbe wa baraza, na hilo sikulijua, kwa sababu wanawake hatukai mahali ambapo haja hizo zinaombwa.

Seif alijua. Alikuwa karibu yangu hata bega lake linanigusa. Yeye finjani yake aliinywa taratibu, akatazama zulia.

Tulipotoka nikamuuliza, "Unaonaje?" Akasema, "Kheri, dada. Umesema vizuri sana."

Wiki ile jina lilitoka sablani, na lilikuwa jina la Seif.

Nilikuja kuambiwa na Bibi Shamsa, mke wa Sheikh Hilal, mtu wa Pemba, Mungu amrehemu. Nilikwenda kumtazama alipokuwa mgonjwa. Alinishika mkono, akasema: "We mtoto, kwani hukuambiwa? Mdogo wako alikuja Alkhamisi, kabla yako. Kaweka finjani chini hata ikapoa. Mzee akamuuliza, una nini? Kasema anakitaka kiti yeye. Mzee akamwambia, na dada yako? Kasema, 'Dada atakuja Jumamosi. Mpe kahawa mapema. Atainywa tu, yeye hajui.'"

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Nimekaa nayo miaka kumi na hayajapungua. Kushindwa sablani si kitu, mtu hushinda na hushindwa. Lakini kitu nilichokuwa sikijui, ambacho sikukijua kwa sababu nilimwamini yeye ajue kwa ajili yangu, ndicho alichokitumia. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikiwasomesha watoto darasani methali hiyo na kuwauliza maana yake.

Nilimwita. Alikuja, akakaa pale kwenye kochi la kijani, nikamwambia ninayoyajua. Hakukana. Akasema, "Dada, siasa si vyoo vya soko. Kiti kilikuwa kinakwenda kwa mtu mwingine kabisa. Mimi nimeokoa jina letu." Nikamuuliza kwa nini hakuniomba. Naye akaniuliza, "Ungenipa?"

Ningempa, Raiyya. Wallahi ningempa. Ningelia siku mbili kisha ningempa, kwa sababu nimembeba mgongoni kwenye meli iliyotuleta huku na sijawahi kumnyima kitu. Nilimwambia hivyo, akainamisha uso. Ndipo akaniomba jambo la pili, na hili ndilo la kwangu mimi, si lake.

Aliniambia wanawake hawatampa kura. Wamekasirika, na Zuwena anapita nyumba kwa nyumba kusema wasitoke siku ya kura. Akataka niwaite, niwaambie presha imenipanda na mimi mwenyewe ndiye niliyemchagua ashike nafasi yangu. Bibi yako alikuwa amelala chumba cha pili, anasikia yote. Akaita kwa ile sauti yake ndogo: "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mwanangu, usinivunjie nyumba mimi nikiwa hai."

Niliwaita. Walijaa chumba hiki nilichokaa sasa, mpaka kwenye ngazi. Niliwaambia nimechoka, daktari amenikataza, ndugu yangu ni sauti yangu, mpeni kura. Nilisema vizuri, kama Seif alivyonisifu. Baadhi yao walilia kwa kunihurumia ugonjwa. Zuwena alikuwa amesimama karibu na mlango. Akaniuliza kwa Kiswahili, ili wale wa Kiarabu wasijue: "Dada, umetaka mwenyewe, ama umetakiwa?"

Nikamjibu, "Nimetaka."

Akaliweka lile daftari lake juu ya meza, akatoka. Hakurudi tena hapa. Mwaka uliofuata soko lilipangwa upya, na sehemu ya Zuwena ikatoka kivulini ikawa ukingoni, juani. Seif alikuwa na neno katika mpango huo. Nilijua. Nilipita pale nikamwona amejifunika kichwa na taulo lenye maji, nami nikageuza njia. Kwa hivyo ukinihurumia kwa nilivyofanyiwa na ndugu yangu, nihurumie, sikukatazi, nimeumia na bado naumia. Lakini Zuwena naye alikuwa na mtu aliyemwamini, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Baba yako alikuwa ameshafariki, na Seif ndiye aliyekuwa akikupeleka skuli, akakufundisha gari, akakaa hospitali Ibra siku tatu ulipotolewa kidole tumbo. Hakuna hata kimoja katika hivyo alichokifanya kwa uongo. Anakupenda. Nilitaka uwe na mjomba, na nikaona bei yake ni mimi kufunga mdomo. Nilikuwa nikijiambia ni subira. Sasa sijui kama ilikuwa subira au ni uvivu wa kugombana.

Ningeendelea kunyamaza lau si Ijumaa. Alipokwambia "nitakusemea," na wewe ukanawiri uso vilevile kama nilivyonawiri mimi, ndipo nilipoliinukia lile jagi lililojaa. Jumamosi nzima sikula. Jumapili asubuhi nilimpigia simu Zuwena. Namba yake nilikuwa nayo miaka yote.

Alipokea. Nikamsalimia, akaitikia. Nikamwambia, "Zuwena, siku ile nilidanganya. Nilitakiwa."

Akasema, "Nilijua. Na wewe ulijua kama nilijua. Sasa leo unataka nini?"

Nikamwambia nataka kuja kumwomba msamaha. Akaniuliza, "Binti yako anajua?" Nikasema hajui. Akasema: "Basi mwambie yeye kwanza. Ukija kwangu na yeye hajui, utakuwa umekuja kutua mzigo tu. Mimi si mchukuzi, dada." Akakata simu. Sikukasirika. Ni haki yake, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu.

Kwa hivyo nimekwambia. Sikwambii usiingie siasa, wala sikwambii uingie. Una akili kuliko mimi nilivyokuwa umri wako, na mambo ya maofisi unayajua. Ila palipo na haja yako, mwanangu, kaa mwenyewe. Ujifunze namna wanavyoomba hata kama namna yenyewe huipendi, uulize hata ukionekana mshamba. Mimi niliona haya kuuliza kwa sababu nilikuwa mkubwa wa Seif.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako, uisome leo. Seif nimempigia simu saa hii kabla ya kuandika mstari huu, nikamwambia, "Usiku huu Raiyya atajua habari ya finjani." Naye akauliza kama bado aje asubuhi. Nikamwambia aje.

Mimi leseni ninayo na gari ninayo, na ukisema neno moja nitakupeleka mwenyewe. Lakini kama utaniuliza ninachotaka, nataka upande gari yake. Kaa kiti cha mbele. Kutoka hapa mpaka Nizwa ni saa moja na nusu, hana pa kwenda, na safari hii atajibu mwenyewe. Mimi nitakuwa nimeshakwenda kwa Zuwena.

Mama yako, anayekupenda na asiyekuficha tena.